Mashine ya Boti Inachemsha: Jinsi ya Kuitafuta Kasoro Kuanzia Mguuni Hadi Kwenye Hedi

Mtu akija na mashine iliyochemsha, mara nyingi huja na jibu lake tayari: "Fundi, nitilie impela mpya." Wengine huwa wameshainunua, iko mfukoni. Na kweli impela, kile kigurudumu cha mpira chenye mapezi kinachosukuma maji, ndiyo mkosaji wa kwanza, sibishi. Lakini nimepata kushika mashine ya nguvu farasi 15 iliyobadilishwa impela tatu katika kaskazi moja, na kila mara ikirudi na ugonjwa ule ule. Kasoro ilikuwa kipande cha mpira kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kimekwama ndani ya bomba la kupandisha maji. Impela ya kwanza ilipokatika ndiyo iliyokirusha humo. Zile mbili zilizofuata zilitupwa bure, hazikuwa na kosa lolote.

Basi mwongozo huu unafuata maji. Maji ya kupoza mashine yana njia yake kutoka chini kwenda juu, na ukiifuata njia hiyo kwa mpango, ukianza na pale pasipohitaji hata spana, kasoro utaikuta.

Maji yanapita wapi

Mashine zetu hizi za kufunga nyuma ya boti hazina rejeta kama ya gari. Bahari ndiyo rejeta. Kwenye mguu, ile sehemu inayozama majini, juu kidogo ya propela, kuna vichujio vya kuingizia maji. Ndani, juu ya vichujio hivyo, kuna pampu: kijumba kidogo chenye impela ya mpira iliyovishwa kwenye shafti inayoteremka kutoka kwenye injini. Impela inasukuma maji kwenye bomba, yanapanda hadi kwenye injini, yanazunguka silinda na hedi (kichwa kinachofunika silinda), yanapita kwenye thamostati (kilango kinachofunguka kwa joto), kisha yanashuka kutoka pamoja na moshi. Sehemu ndogo tu hutolewa pembeni kwa kimpira chembamba. Hayo ndiyo maji tunayoyaona, tukasema mashine "inakojoa".

Hapo pana mitego miwili. Tundu la mkojo ni dogo mno. Punje chache za mchanga zinatosha kuliziba, na boti ikikaa juu pwani wiki mbili tatu, nyigu wa udongo huja wakajenga humo nyumba yao. Kwa hiyo mkojo ukikosekana, si lazima pampu iwe imekufa. Mtego wa pili ni mbaya zaidi: mashine nyingi hutoa mkojo kabla maji hayajafika kwenye thamostati. Mashine inaweza kukojoa vizuri kabisa huku hedi inaungua. Mkojo unakuambia kuwa pampu inasukuma. Hauna habari za huko juu.

Ikikutokea baharini

Mashine ndogo nyingi za tustroki, hizi za 15 zinazobeba wavuvi wetu kutoka Kojani kule Pemba hadi Kizimkazi hapa Unguja, hazina king'ora. Utaijua kwa dalili. Inapungua nguvu bila sababu, sauti inakuwa nzito, kunatoka harufu ya rangi inayoungua, au mkojo unageuka mvuke. Fostroki kubwa za boti za wageni hupiga king'ora, na mzunguko ukashuka wenyewe hata ukikandamiza vipi. Usishindane nayo, inajilinda.

Punguza moto, yaani mwendo wa injini, mpaka chini kabisa na utoe gia. Tazama mkojo. Kama maji yanatoka, iache iendelee kuunguruma taratibu dakika chache, maji hayo yanaipoza. Kama hayatoki, zima papo hapo. Kabla hujafanya lingine lolote tia nanga, maana kwenye mkondo utajikuta juu ya mwamba wakati umeinamia mashine.

Kisha chomoa kamba ya usalama, inua mguu, angalia vichujio. Hapa kwetu ninachokikuta mara nyingi ni mfuko wa plastiki uliojibandika kama ngozi. Mifuko ilipigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, lakini bahari haijapata barua. Halafu majani ya bahari, na ukipita karibu na mashamba ya mwani, vipande vya taitai, zile kamba nyembamba za kufungia mwani. Vitoe kwa mkono. Usivisukume ndani kwa kijiti. Kama mashine haipandi juu vizuri, kuipiga rivasi taratibu sekunde chache huweza kuung'oa mfuko.

Usimwagie maji ya bahari injini iliyochemka. Najua mkono unawasha kufanya hivyo. Hedi ni ya aluminiamu. Ukiipoza ghafla inapinda au inapasuka, na kasoro ya shilingi kidogo inakuwa ya mashine nzima. Subiri nusu saa. Ukiwasha tena na maji yakatoka, rudi nyumbani kwa mwendo mdogo. Yasipotoka, tweka tanga kama unalo, au piga simu uvutwe.

Swali la kwanza: inachemsha wakati gani?

Kabla sijashika spana namuuliza nahodha swali hili, na jawabu lake huniokolea nusu ya kazi.

Akisema inachemsha ikiwa taratibu, lakini akiipa moto inapoa, akili yangu inakwenda kwenye impela iliyochakaa. Ikizunguka polepole mapezi yake hayana nguvu ya kushika ukuta wa kijumba, maji yanavuja pembeni. Ikizunguka kasi inapata msukumo wa kutosha kuficha udhaifu wake. Boti za pomboo kule Kizimkazi, zinazokaa muda mrefu zikinguruma pole pole, hugundua ugonjwa huu mapema kuliko wengine.

Akisema kinyume chake, kwamba taratibu iko sawa lakini ikikimbia dakika kumi inachemsha, hapo natafuta kitu kinachobana: vichujio vimezibwa nusu, bomba lina uchafu, njia za ndani zimejaa chumvi, thamostati inafunguka nusu. Maji ya mwendo mdogo yanapita, ya mwendo mkubwa hayatoshi. Au mashine inavuta hewa, nitaeleza mbele.

Akisema inachemsha punde tu baada ya kuwaka, kwa mwendo wowote, na mkojo mzuri, thamostati imeganda imefungwa.

Na akisema ilianza siku moja tu baada ya kupita juu ya fungu la mchanga, sihitaji kuuliza zaidi. Pale baina ya Mkokotoni na Tumbatu maji yakiwa yamekupwa, ukiona nyuma ya boti kunafuka weupe, ule ni mchanga unapita ndani ya pampu yako. Mchanga ni msasa.

Kuna wanaosema joto la kaskazi ndilo linalochemsha mashine. Bahari yetu wakati wa kusi huwa karibu nyuzi 25, na kaskazi ikikolea hufika 29 au 30. Nyuzi nne tano haziwezi kuishinda mashine nzima. Ila mashine iliyokuwa inakwenda kwa kuvumilia tu, kaskazi huifichua.

Pwani: anza bila kufungua kitu

Kwanza safisha vichujio kwa brashi na msumari mwembamba. Kama boti hulazwa pwani mguu ukiwa chini, bamvua likikupwa mguu huzama mchangani, na vichujio hushindiliwa mchanga mpaka ndani.

Pili, zibua tundu la mkojo. Waya wa breki ya baiskeli unafaa kuliko kitu chochote nilichowahi kununua. Chomoa kimpira chake upande wa injini, upitishe, kisha upulize kwa mdomo.

Tatu, itie mguu kwenye pipa la maji baridi (yasiyo ya chumvi), maji yapite juu ya lile bawa lililo juu ya propela. Toa propela kabisa. Kidole hakina spea. Usiiwashe nje ya maji hata kidogo, maana impela kavu inaungua kwa sekunde chache. Washa bila gia, uangalie mkojo kwa dakika kumi. Unataka mkondo ulionyooka, na ukiushika mkononi maji yawe ya uvuguvugu. Yakiwa ya moto hata mkono hauvumilii, maji ni machache. Yakitoka kwa kukatakata na mapovu, kuna hewa inaingia, au gesi ya moto inavuja kutoka kwenye silinda.

Kama unaweza kuazima kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, piga kwenye hedi, sehemu yenye rangi, siyo chuma kinachong'aa, maana hapo hudanganya. Nyuzi 50 hadi 70 sina wasiwasi. Ikikaribia 90, zima. Pima kila silinda mbali mbali: moja ikiwa na joto zaidi ya mwenziwe kwa kiasi kikubwa, pampu haina kosa, kuna kizuizi mahali karibu na silinda hiyo. Huna kipimajoto? Dondosha tone la maji kwenye hedi. Likikauka polepole, sawa. Likiruka na kuchachatika, umeshapita nyuzi 100.

Kufungua pampu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Boliti za mguu kwa kawaida zimeshikwa na chumvi. Chuma cha pua ndani ya aluminiamu na maji ya bahari hulana, na ukilazimisha kichwa kinakatika. Zimwagie mafuta ya kulegeza kutu jana yake. Leo zigonge kichwani kwa nyundo ndogo, halafu jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ikikataa kabisa, pasha joto aluminiamu inayoizunguka, siyo boliti yenyewe, na tangi la petroli liwe mbali.

Kabla ya kuvuta mguu, tazama gia iko wapi na utie alama, kisha achanisha fimbo ya gia. Mguu unashuka pamoja na shafti. Kijumba cha pampu kiko hapo juu yake. Kifungue, toa impela, na usipoteze ile kii ndogo ya chuma inayoishika kwenye shafti. Ikianguka mchangani umekwisha, kwa hiyo tandika gunia au khanga kuukuu chini.

Itazame impela vizuri. Mapezi yaliyopinda upande mmoja na hayarudi yamechoka. Ncha zilizokwanguliwa na kung'aa, mchanga. Mpira mgumu uliopasuka mizizini, uzee, au uliwashwa kavu. Na yahesabu mapezi. Hili nalisema kwa sauti: yahesabu. Likipungua moja au nusu yake, kipande hicho kimepanda juu, na huna ruhusa ya kufunga mashine mpaka ukipate. Pitisha waya ndani ya bomba, pulizia maji kutoka juu kwenda chini, kinyume na njia yake ya kawaida. Kama hakitoki, kipo ndani ya injini kwenye kona ya kwanza, na utakikuta ukifungua kifuniko cha thamostati.

Usibadilishe impela ukaacha kikombe inamozunguka na sahani ya chini yake. Pitisha kucha. Ikikwama kwenye michirizi, badilisha vyote, la sivyo impela mpya itavuja kama ya zamani. Kuhusu impela za rahisi madukani: ikunje pezi kwa kidole na uliachie. Linalorudi kwa uvivu, rudisha dukani.

Wakati wa kufunga, paka impela sabuni ya maji au grisi kidogo ya baharini isiwake kavu mara ya kwanza. Shafti inazunguka kulia ukiitazama kutoka juu, kwa hiyo teremsha kijumba huku unaizungusha kulia, mapezi yalale kwa nyuma. Ukishafunga usiizungushe kushoto tena, utayakunja kinyume. Meno ya shafti yapake grisi ubavuni tu. Ukijaza kwenye kichwa chake, grisi itazuia shafti kukaa mpaka mwisho. Halafu hakikisha bomba la maji limeingia kwenye mpira wake. Mguu unaweza kufungwa vizuri kabisa, boliti zote zimekaza, na bomba limepita pembeni. Mashine itachemsha dakika ya tano na utamlaani muuza impela. Boliti zote zipake grisi, utanishukuru mwakani.

Thamostati

Iko chini ya kifuniko kidogo kwenye hedi au karibu yake. Itoe, sugua chumvi, kisha ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, pasha moto pamoja na kipimajoto. Namba ya joto mara nyingi imechapishwa juu yake. Nyingi za mashine ndogo huanza kufunguka karibu nyuzi 50. Ikifika 65 na bado imefumba, itupe.

Sasa ule mjadala wa pwani: kuitoa moja kwa moja na kuiacha mashine bila thamostati. Mafundi wenzangu wanafanya, na watakuambia bahari yetu ina joto, haihitajiki. Mimi sikubali. Mashine isiyopata joto lake haichomi mafuta vizuri, inajaza masizi kwenye pete za pistoni na plagi, na katika baadhi ya mashine maji hukimbilia njia ya mkato yakaacha sehemu ya juu haina maji ya kutosha. Kama spea haipo mjini na watu wanasubiri kitoweo, itoe kwa wiki moja. Isiwe maisha.

Njia za ndani na gasketi

Pampu nzima, thamostati nzima, mkojo mzuri, na bado hedi ni moto: sasa fungua kifuniko cha njia za maji. Chumvi laini huyeyuka kwa maji yasiyo ya chumvi yaliyopashwa moto. Ule ukoko mweupe mgumu unahitaji siki. Loweka, subiri, kwangua kwa kijiti cha mbao, kisha suuza mpaka harufu iishe, kwani siki nayo ikikaa muda mrefu inakula aluminiamu. Nimesikia wanaotumia maji ya betri. Usithubutu. Yatakula mpaka upande wa pili.

Gasketi ya hedi utaijua kwa plagi. Plagi moja ikiwa safi kama imeoshwa na mwenziwe ni nyeusi, silinda hiyo inakunywa maji. Pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda: silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi. Ukifunga gasketi mpya, weka hedi juu ya kioo kinene chenye msasa uone kama imepinda, na kaza boliti kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu.

Kama maji hayana kosa

Kuna joto lisilotokana na maji.

Mafuta ya oili ndiyo ya mwanzo. Tustroki nyingi za hapa zinataka 50 kwa 1: dumu la lita 20 za petroli linachukua mililita 400 za oili, tangi la lita 25 linachukua 500. Anayekisia kwa kifuniko cha chupa anacheza na pistoni. Kabureta chafu au mpira wa mafuta unaovuta hewa hufanya petroli iwe chache na hewa nyingi, silinda ikaungua ndani hata kama nje inaoga. Plagi yake huwa nyeupe.

La pili ni namna mashine ilivyofungwa. Bawa la juu ya propela liwe sawa na chini ya boti au chini yake kidogo, kiasi cha vidole viwili hivi. Faiba nyingi ziko sawa, lakini kwenye mashua na ngalawa, ambako mashine hufungwa ubavuni kwa gogo, chombo kikilalia upande wa pili vichujio vinatoka nje ya maji na pampu inavuta hewa. Nahodha anasema "inachemsha wakati wa kusi tu," na fundi anatafuta kasoro ambayo haipo ndani ya mashine. Ishushe, au tumia yenye mguu mrefu.

La tatu ni mzigo. Mashine ya 15 iliyopewa watu kumi na wanne, magunia ya makumbi na propela kubwa isiyokuwa yake haikimbii, inasukuma tu kwa moto wote. Hapo hakuna cha kutengeneza.

Kuijaribu

Usiipeleke mbali, kisiwani Misali, siku ya kwanza. Zunguka karibu na bandari wakati maji yanajaa, ili likikutokea jambo mkondo ukurudishe ndani. Dakika kumi taratibu, pima hedi. Dakika kumi nusu moto, pima. Kisha dakika tano moto wote, punguza, pima tena upesi. Andika namba hizo tatu kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko cha mashine, pamoja na tarehe ya impela. Kwa anayepita mafungu kila siku naifungua pampu kila baada ya miezi sita. Kwa mwengine, mara moja kwa mwaka.

Ukirudi, inua mguu kabla maji hayajakupwa, na uioshe kwa maji baridi kwenye pipa dakika kumi hivi, mpaka maji ya mkojo ukiyaonja kwa ncha ya ulimi yawe hayana chumvi.